Madam Aliyetuwekea Linux Goba

Mtu akiniuliza leo Linux ni nini, namjibu kwamba ni ile kompyuta ya Madam. Akinibana zaidi nasema ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama ilivyo Windows, ila huu hauna mwenyewe. Hapo ndipo ninapokwama, maana Madam alikuwa hataki kabisa kusikia hayo maneno ya "hauna mwenyewe." Alisema una wenyewe wengi mno, na mie nikiwemo. Nina steshenari pale Goba, nachapa barua, natoa kopi, napiga picha za pasipoti. Nimekaa na yule mama jirani miaka na miaka, na mpaka sasa sijui kama nilimwelewa.

Tulimwita Madam kwa sababu alikuwa mwalimu wa kupiga taipu, enzi za zile mashine za chuma. Alistaafu, akajenga kibanda chake cha tofali juu ya kilima, nyuma ya fremu ya duka langu. Kwao wapi, alizaliwa lini, mume alikwenda wapi, hayo sikuyajua na hakuwa mtu wa kuulizwa. Alikuwa mrefu, mkavu, na miwani mbili: moja kifuani imefungwa kamba, nyingine juu ya kichwa. Mara nyingi ungemkuta anapapasa mkoba akitafuta ya tatu.

Siku ya kwanza kunisemesha hasa, kompyuta yangu ilikuwa imeingia virusi. Wenye kazi kama yangu wanajua. Mteja anakuja na flashi yake, unaichomeka, mafolda yake yote yanageuka kuwa vijialama vyenye mshale ambavyo ukivibonyeza havifunguki, na kila flashi inayofuata inaambukizwa. Mbele yangu alikuwa dada mmoja wa chuo, amekuja kuchapa ripoti yake ya utafiti, na ripoti haionekani. Alikuwa analia kimyakimya, machozi tu yanashuka. Mie nimekaa kama niliyemwagiwa maji.

Madam aliingia kutoa kopi ya kadi ya kliniki. Akasimama nyuma yangu.

"Shikamoo Madam," nikasema, "leo mashine haifanyi kazi."

"Marahaba. Inafanya kazi sana tu. Tatizo haikufanyii wewe. Sogea."

Akatoa flashi mkobani, akaichomeka, akazima kompyuta, akaiwasha huku anagongagonga kitufe kimoja kama anayebisha hodi kwa mtu asiyesikia. Ikawaka kitu nisichowahi kukiona, rangi nyingine, alama nyingine. "Madam, umenifutia?"

"Sijafuta kitu. Hii inakaa kwenye flashi yangu, haijagusa chako. Mtu akija kukuwekea Linux, mwambie kwanza aiwashe namna hii, uione, uiguse. Akikataa, mfukuze."

Akachomeka flashi ya yule dada. Mafolda yote yalikuwepo, yamekaa kimya kama hayajatokewa na lolote. Virusi vilikuwa vimeyaficha tu. Dada akapiga kelele, akamkumbatia Madam kwa nguvu mpaka miwani ya kichwani ikadondoka. Madam akasimama mikono imeshuka, hajui aiweke wapi.

Nilimwomba palepale aniwekee hiyo Linux. Akakataa. Nikamwomba tena siku ya pili, akanigombeza kwamba mie nakimbilia vitu. Siku ya tatu alikuja mwenyewe bila kuitwa, akaiweka, na Windows akaifuta yote. Ndivyo alivyokuwa. Ukimfuata anakwepa, ukiacha anakufuata.

Wiki ile niliyobadilishiwa siisahau. Virusi kweli vilikwisha, na kompyuta iliyokuwa inachukua muda wa kuchemsha chai ndipo iwake ikawa inawaka upesi. Lakini printa ikagoma. Yaani haikugoma kwa kunyamaza, hiyo ningeielewa. Ilikuwa inatoa karatasi. Unatuma barua ya maombi ya kazi, zinatoka karatasi mfululizo zenye herufi za ajabu, mstari mmoja juu, halafu patupu, halafu alama kama za hirizi. Wateja wanatazama. Mama mmoja aliyekuja kuchapa kadi za mchango wa harusi alichukua karatasi moja, akaigeuza juu chini, akaniuliza, "Hii ndiyo yangu?"

Kilichochapika nacho kilikuja kimehama. Ukurasa wa kumi unaanza na kichwa cha habari cha ukurasa wa tisa. Jedwali limekatika katikati. Watu wakaanza kuvuka barabara kwenda kwa jirani yangu wa upande wa pili, na mie nawaona kupitia kioo changu mwenyewe. Mwanangu Nasra alikuwa darasa la mtihani, kodi ya fremu inakaribia. Nilipanda kilima kwa hasira mpaka kandambili ikakatika.

"Madam, umeniua! Biashara imekufa!"

Alikuwa anamwagilia mchicha. Hakuweka kopo chini. "Printa uliiangalia kwanza?"

"Kuiangalia vipi?"

"Kabla ya kubadilisha, uliiwasha Linux kwenye flashi ukajaribu kuchapa?"

"Si wewe ndiye uliyeniwekea?"

"Mie nimekuwekea. Wewe ndiye mwenye printa."

Nikakaa kwenye ngazi yake, nikalia kama yule dada wa chuo. Madam akamwagilia tuta lote mpaka mwisho, akanawa miguu, akashuka nami dukani. Alikaa pale mpaka jioni na kesho yake tena, kwenye ile skrini yake nyeusi anapoandika maneno badala ya kubonyeza picha. Vidole vyote kumi vilikuwa vinakwenda, macho hayaangalii kibodi hata mara moja. Kila kosa likitokea alikuwa analisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anasoma barua ya nduguye. "Watu wanaona maandishi mekundu wanakimbia," alisema. "Kompyuta inakwambia inaumwa wapi, wewe unafunika masikio." Mara nyingine akaniona nimenakili amri fulani ya kompyuta kwenye simu kutoka mtandaoni, nataka kumsaidia. Akaninyang'anya simu. "Unajua inafanya nini hiyo? Hujui. Basi usiiandike. Ungekula dawa uliyoiokota barabarani?"

Printa ikakubali nusu. Ya rangi ilikataa katakata. Kuhusu kurasa kuhama, alisema ni fonti, yaani maumbo ya herufi yasiyokuwemo, akaongeza fonti. Akaniambia wateja walete kazi zikiwa PDF kwa sababu hizo hazihami. Mie nikawaambia wateja. Wateja wakasema, PDF ndiyo nini.

Mwisho nilikwenda kwa dada yangu Temeke, nikachukua kompyuta yake kuukuu yenye Windows, nikaiweka mezani kando ya ile ya Linux. Ya Linux ikawa ya kupokelea flashi, kusafisha na kuchapia barua za kawaida. Ya Windows ikawa ya kumalizia kazi za watu na kutolea rangi. Kazi ikatembea. Lakini niliogopa siku atakayoingia Madam. Ile ya Windows niliitandikia kitambaa, nikaweka na boksi la karatasi juu yake.

Akaingia. Akatoa boksi, akafunua kitambaa, akatazama. Nikasubiri kutukanwa.

"Ndivyo ningekushauri tangu mwanzo," akasema. "Kompyuta inayokulisha huibadilishi siku moja. Unaanza na programu tu, LibreOffice ya kuandikia, kivinjari cha mtandao, unazizoea hukohuko kwenye Windows yako. Halafu unaweka mbili kando kwa kando. Halafu mwakani ndiyo unaamua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Nilimwangalia usoni kutafuta kama anatania. Sikuona kitu.

Mtaani kwetu walimwogopa. Kuna mtu alichungulia dirishani kwake, akaona skrini nyeusi ina maandishi yanapanda haraka, akaja kutangaza kwamba yule bibi anadukua akaunti za watu. Simu ya mtu ikiibiwa salio, jina la Madam linatajwa. Ikafika mahali mjumbe wa shina akaenda kumwona, na akaniomba nimsindikize kwa sababu mie ndiye ninayezoeana naye. Mjumbe ni mzee wa heshima, mwenyeji wa pwani, anapenda kuzunguka na maneno.

"Mwalimu," akaanza, "tumekuja kwa wema. Majirani wana wasiwasi na zile kazi zako za kwenye kompyuta."

Madam akageuza skrini ikatutazama. "Karibuni. Someni."

Mjumbe akasogea. Maandishi yanapanda. "Sasa hapa pana nini?"

"Inasasisha programu. Kila mstari inasema inachofanya. Kompyuta zenu zinafanya hivihivi, ila zenyewe zinafanya kimyakimya, hamuoni. Nani wa kuogopwa, anayefanya mbele yako au anayefanya nyuma ya pazia?"

Mjumbe akaaga. Tulipokuwa tunashuka akaniambia, "Mama Nasra, hoja yake nzuri. Lakini bado mie naona ni uchawi kidogo." Nikataka kucheka, nikashindwa, kwa sababu mie pia nilikuwa naona hivyo kidogo.

Neno lililomchefua kuliko yote ni bure. Ukisema Linux ni ya bure anakukatisha. "Ni huru. Bure ni kitu unachopewa ukatupa. Bure ni kazi bure. Hii ni huru, yaani unaifungua uone ndani, unaibadilisha, unampa jirani bila kuiba." Kuiba lilikuwa jambo kubwa kwake. Zile Windows tunazowekewa na mafundi bila leseni alisema ni wizi, na mwizi hawezi kulalamika mlango ukimfungia. Nilimheshimu kwa hilo. Lakini Madam huyohuyo alikuwa anapenda zile tamthilia za Kikorea zinazouzwa barabarani kwenye flashi, zilizotafsiriwa na watu wa mitaani kwa sauti moja ya mwanamume anayeigiza hadi wanawake. Siku moja nikathubutu.

"Madam, na hizi si wizi?"

Akanywa chai yake. "Yule anayetafsiri anafanya kazi kubwa sana," akasema. Akaongeza sauti ya televisheni.

Na huo uhuru wa kugawana ulikuwa na mipaka yake. Geti lake lilikuwa na kufuli juu, kufuli chini na mnyororo. Achari yake ya embe ilikuwa tamu, tulimwomba atufundishe, akasema kila mtu apike kwake. Programu alikuwa anapakua kwa bando lake mwenyewe, anazijaza kwenye flashi, anampa yeyote anayebisha geti, na kumwelekeza saa nzima. Ukirudi kumuuliza jambo alilokwisha kukwambia, anakufungia dirisha usoni. Nimeona watu wazima wakiondoka pale wanatetemeka, na kesho yake nimewaona wanapanda kilima tena.

Alikuwa anatuhimiza kuweka nakala. "Kitu kikiwa mahali pamoja, hesabu kwamba huna." Kila mkutano wa akina mama alisema hilo, hata kwenye kitchen party alilisema, biharusi ameketi pale na kanga yake, akashauriwa aweke picha za harusi sehemu mbili. Na laptop yake ilipoanguka kutoka mezani na diski kufa, tukaja kujua hakuwa na nakala ya picha hata moja. Nilikwenda kumpa pole. Akasema, "Zilikuwa picha tu," akaingia chumbani, hakutoka mpaka nilipoondoka.

Kuna jambo jingine ambalo nikilifikiria kichwa kinaniuma. Kwa miaka mingi Madam alikuwa anatafsiri programu kwa Kiswahili. Hakuna aliyemtuma. Kuna watu huko duniani, hawajuani, kila mmoja anatia maneno ya lugha yake kwenye programu hizi huru, naye akajiunga. Alikuwa anashuka dukani kwangu kutafuta maneno, kwa sababu pale wanapita watu wengi. Siku moja alimsimamisha mama muuza vitumbua.

"Ukisoma kitu kirefu kwenye simu, kile kidole kinafanya nini?"

"Kinaburuta," mama akasema.

"Kuburuta nimeshakutumia mahali pengine. Kuburuta ni kukishika kitu ukakihamisha."

"Basi kinapandisha."

"Na akirudi?"

"Anashusha. Madam, utanunua vitumbua?"

Alinunua vyote. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata mjukuu. Mara nyingine aligombana na wenzake wa mbali kuhusu neno moja kwa wiki nzima, anakuja dukani uso umekunjamana, ananiambia, "Wanataka kuweka neno ambalo hata Sheikh Mkuu hajawahi kulitamka," kisha anakaa kwenye benchi, anapumua.

Baada ya yote hayo, siku moja nilikwenda kwake kuazima waya, nikaona kompyuta yake iko wazi. Menyu zote Kiingereza. File, Edit, View.

"Madam, mbona yako ya Kiingereza?"

"Mie nimeshazoea."

"Sasa Kiswahili unamfanyia nani?"

"Nyie."

"Sie wenyewe hatukitumii. Wateja wanasimama nyuma yangu, bonyeza Save, bonyeza Print. Nikiwawekea Hifadhi wanachanganyikiwa."

Nilidhani nimemuumiza, nikaanza kutafuta maneno ya kurekebisha. Yeye akapandisha miwani tu. "Basi atakuja mwingine," akasema, akarudi kwenye kazi yake. Nani huyo mwingine, hakusema. Nilibaki nimesimama na waya mkononi. Hasira ilinishika, sijui hasira ya nini. Labda kwamba mtu anaweza kufanya kazi ngumu vile kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, na mie niliyepo anifungie dirisha.

Aliondoka Goba bila kuaga. Aliteleza kwenye ngazi zake wakati wa mvua, akavunjika nyonga, binti yake akaja na gari akamchukua kwenda kukaa naye Kurasini. Nilifunga duka siku zile kwa ajili ya msiba Temeke, niliporudi majirani wakanieleza, nikaona geti limefungwa na mchicha umeanza kulala. Simu yake haikupatikana. Nikasema, basi, ndivyo alivyo.

Ikapita miezi mingi. Mwaka huu akanipigia yule binti. "Samahani, wewe ndiye Mama Nasra? Mama anakutajataja. Ukipata nafasi njoo umwone."

Nilikwenda Jumapili mchana. Nyumba iko nyuma ya yadi ya makontena, malori yakipita vikombe vinalialia kabatini. Madam alikuwa ameketi kitini, mguu juu ya stuli, amekonda, kanga imemzidi. Pale sebuleni hapakuwa na kompyuta. Nilitafuta kwa macho kila pembe.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Umenenepa."

Binti yake, anayefanya kazi kwa mawakala wa kutoa mizigo bandarini, alileta soda akakaa. Ni mwanamke mpole, sauti ya chini. Baada ya muda akaniuliza, kama mtu aliyekuwa na swali hilo siku nyingi, "Dada, hivi mama alikuwa anafanya nini hasa huko Goba? Mie nilikuwa naona anagongagonga kompyuta, nikajua anacheza karata."

Nilimtazama Madam ajibu. Madam akatazama dirisha. Basi nikaanza mie.

"Alikuwa anatuwekea Linux," nikasema. "Ni... tuseme ni kama kisima cha mtaa. Kila mtu anachota, na kila mtu anatakiwa akisafishe."

"Kisima!" Madam akasema. Mabega yakaanza kumtikisika. "Kisima, mtu akichota maji yanapungua."

"Haya, si kisima. Ni kama njia. Watu wakipita sana..."

"Inakuwa na mashimo."

"Basi ni kama... kama wimbo, Madam! Mtu anautunga, mwingine anaongeza ubeti, halafu printa inakataa kuuimba."

Hapo Madam alicheka. Sijawahi kumwona akicheka vile, mdomo wazi, mkono umeshika nyonga kwa maumivu, machozi yanatoka. Binti yake aliweka glasi chini akamtazama. Mie sikujua kama nicheke au niombe radhi. Nikacheka.

"Haya sema wewe," nikamwambia, "wewe ndiye mwalimu. Mweleze mwanao."

Akafuta macho kwa ncha ya kanga. Kicheko kikaondoka taratibu usoni.

"Mie nimesahau," akasema.

Nikamtazama kama nilivyokuwa namtazama siku zote, natafuta kama ni utani. Alikuwa anatazama mikono yake mapajani. Vidole vilikuwa vimetulia. Binti akainamisha kichwa.

Nikaaga upesi, nikasema kuna mvua inakuja. Binti alinisindikiza mpaka nje ya geti. Lori lilikuwa linapita, tukasubiri lipite ndipo akasema, "Ahsante dada. Hajacheka tangu aje hapa. Daktari anasema kuna siku anakuwepo na kuna siku hayupo, na sie wenyewe hatujui leo ni ipi."

Akarudi ndani. Nikabaki kando ya barabara na vumbi. Nilijaribu kukumbuka alivyosema lile neno, sauti yake, macho yake, nione kama alikuwa amesahau kweli au alikuwa ananiachia mie kazi ya kueleza. Kila nilivyolirudia likazidi kunipotea. Bajaji ikasimama, dereva akaniuliza, "Unakwenda wapi, mama?" Nikamwambia aende.

Nikageuka, nikagonga geti, nikapita moja kwa moja mpaka sebuleni. Madam aliinua macho. Hakushangaa.

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Sijamaliza kukueleza."

Akautoa mguu kwenye stuli, polepole, kwa mikono miwili, akanisukumia ile stuli.

"Kaa, basi," akasema. "Anza mwanzo. Na usiniletee kisima."